Mawe Niliyoagiza Mwenyewe

Kama mtu angeniambia kwamba nitatoka mjini Kolwezi kukimbia mashimo, halafu shimo linifuate shambani likiwa limepakiwa kwenye lori, kamio tunavyoiita, tena mimi mwenyewe ndiye nimeiagiza kamio hiyo na kuionyesha mlango, ningemwambia aache kunywa asubuhi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Hata leo nikikaa peke yangu nachambua majani ya mihogo, nikikumbuka, mikono inasimama yenyewe.

Shamba liko upande wa barabara ya Mutshatsha. Bwana wangu alilipata zamani, alipokuwa bado anafanya kazi ya shaba, na nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na baraza ndefu. Alipokufa niliwaachia watu wa makala wakae humo. Walikaa, wakachoma milango. Sisemi kwa mafumbo. Milango yote waliigeuza makala, wakauza, wakaenda zao.

Mjini nilikuwa nakaa na binti yangu na watoto wake wanne, wa mwisho akiwa bado wa mgongoni. Baba yao anaendesha magari ya safari ndefu, nyumbani anapita tu. Mtaa wetu ulikuwa mtaa kama mingine, watu walipanda mahindi nyuma ya nyumba, mpaka mtu mmoja akachimba choo akakuta mawe yenye madini. Tangu siku hiyo kila mtu akawa na haja ya choo kipya. Ukiona jirani amefunga turubai mbele ya nyumba yake, ujue anachimba ndani. Wanachimba sebuleni, chini ya kitanda, chini ya meza ya kulia. Shimo linashuka kama kisima, halafu linageuka pembeni, na wewe huwezi kujua limegeukia kwa nani. Asubuhi moja mbabula ya jirani, jiko lake la makala, ilizama ardhini na sufuria juu yake, maharage yakichemka. Mwenyewe alikuwa ametoka kuomba chumvi. Nilikwenda kuangalia. Nilisimama ukingoni, nikaona mfuniko unang'aa kule chini, nikarudi nikamwambia binti yangu kwamba tutahama kabla ya mvua.

Nilitaka kitu kimoja tu: watoto hawa walale juu ya ardhi ambayo haina mtu chini yake.

Basi nikaanza kuitengeneza nyumba ya shamba. Mabati yaliyooza tuliyatoa, tukaweka mapya. Milango niliiagiza kwa seremala, ya mbao nzito. Kuta zikapakwa chokaa mpaka ukiingia macho yanauma. Masoni, ndivyo tunavyomwita fundi wa kujenga, alikuwa mtu wa maneno mengi lakini mkono wake ulikuwa sawa. Yeye ndiye aliyesema kwamba sakafu iko chini kuliko uwanja, mvua ya kwanza itaingia na haitatoka. Tuipandishe kwa mawe mpaka usawa wa magoti, tushindilie, ndipo tumwage sima, yaani saruji, juu.

Dereva wa kamio nilimtafuta mimi mwenyewe. Nilimwambia nataka mawe magumu, sitaki udongo. Akaleta safari tatu. Nilisimama kwenye baraza nikitazama kila safari inavyomwagwa, nikakataa yale ya kubomoka, akayarudisha kwa kunung'unika. Mengine yalikuwa na kijani cha shaba. Niliyaona, mtu asiseme kwamba sikuyaona. Lakini mimi nimezaliwa Kolwezi. Kwetu hata kokoto la kumtupia kuku lina kijani, na utotoni tulisugulia visigino mawe kama hayo. Mtu wa kwingine angeuliza mawe yametoka wapi. Mimi niliuliza kama ni magumu.

Sima ikamwagwa, ikasawazishwa, ikapendeza. Sasa sima mpya inataka kunyweshwa maji kila asubuhi siku nyingi, la sivyo inapasuka. Nikamwita ndugu yangu mdogo akae kule aimwagilie. Ni shemasi kanisani, na kabla ya kustaafu alifanya kazi mgodini tangu ujana wake. Mtu wa shati lililofungwa mpaka kooni. Nikamwachia unga, samaki wakavu na ndoo mbili, mimi nikarudi mjini kufunga vitu. Kila siku alinipigia simu, na kila siku alisema sakafu inakunywa maji vizuri.

Siku ya nane tukahama. Nyumba ya mjini ilikuwa ya kupanga, tukarudisha ufunguo asubuhi hiyo. Kabla hatujamaliza kupakia magodoro, wapangaji wapya walikuwa wameshafika na turubai lao mkononi. Walitusalimia kwa adabu sana.

Kamio ilipoingia shambani, kitu cha kwanza nilichoona ni magunia yaliyopangwa kwenye baraza. Nikafikiri ndugu yangu ametununulia unga, nikamsifu moyoni. Halafu nikaona rundo la udongo mwekundu mbele ya mlango, limepita urefu wa mlango wenyewe. Nilishuka kabla gari halijasimama.

Sebule haikuwa na chini. Kuta zilikuwapo, mabati mapya yalikuwapo, chokaa ilikuwapo. Sima yangu ilikuwa imevunjwa vipande na kuegemezwa ukutani kama sahani zinazokaushwa. Nikapita pembeni, nikishika ukuta, mpaka chumba cha watoto. Nikaona kichwa cha ndugu yangu. Kichwa tu, na kola ya shati, imefungwa. Alikuwa amesimama ndani ya shimo, na masoni, yeye yule aliyeimwaga sima ile, alikuwa juu anavuta ndoo kwa kamba.

Nilitazama ukuta wa katikati nikaona umepasuka kutoka chini mpaka kwenye mabati, ufa unaoweza kuingiza mkono.

"Yaya," ndugu yangu akasema kutoka shimoni, akiniita dada kama kawaida yake, "usikasirike. Haya mawe ni yako. Mi nilikuwa nakulindia tu."

Akanieleza, huku akijipangusa, kama mtu anayetoa ripoti kwa mkubwa wake. Siku ya pili ya kumwagilia maji aliona jiwe moja pembeni ya mlango, ambapo sima haikufika. Maji yalipolilowesha likageuka rangi. Akaliokota, akalitemea mate, akalisugua kwenye suruali. Miaka yote ile ya mgodi, macho yake hayawezi kudanganywa. Akavunja kona moja tu, kuhakikisha. Masoni alipokuja kuchukua koleo lake alimkuta, na badala ya kumzuia akavua shati. Kuanzia hapo hakuna aliyekumbuka kumwagilia.

Lakini mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Mawe tuliyoweka yalifika magotini. Shimo hili lilifika kooni. Nikauliza mawe yaliisha lini.

Masoni akatazama ndoo. "Yaliisha siku ya ine, Mama."

"Na hizi siku zingine mulikuwa munatafuta nini?"

"Labda chini iko ingine. Haiwezi kukosa."

Niliutazama udongo waliokuwa wanautoa. Mwekundu, una mizizi na minyoo. Siku tatu nzima watu wazima wawili walikuwa wamechimba, ndani ya nyumba yangu, udongo wa kupandia mihogo.

Binti yangu alikuwa ametufuata. Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akatazama kichwa cha mjomba wake, akatazama ukuta.

"Mama," akasema polepole, "na huku banachimba?"

Hakungoja jibu. Alirudi akapanda kwenye kamio, akaketi juu ya magodoro pamoja na watoto wake, na nilipomwita ashuke alitikisa kichwa. Dereva alianza kulalamika kwamba ana safari nyingine. Nikamwambia anyamaze.

Sasa nitasema jambo ambalo sijamwambia hata padri. Nilitoka nikaenda barazani, nikasimama karibu na yale magunia nikifikiri nitafanya nini. Baada ya muda nikaona mkono wangu umeingia katika gunia. Nimetoa jiwe, nimelitemea mate, nalisugua kwenye kitenge changu. Kijani kikawaka na moyo wangu ukaruka. Nyuma yangu mjukuu analia anataka maji, nyumba yangu haina chini, na mimi moyo unaruka. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka mlangoni. Nililiangusha jiwe lile kama limeniuma.

Mchana huo huo akaja mnunuzi. Ndugu yangu alikuwa amemwita. Alikuja na pikipiki, kijana wa viatu vyeusi, na kile chombo chao cha kupimia kinachofanana na bastola. Akakielekeza kwenye gunia la kwanza, akatazama. Akaenda la pili, la tatu. Ndugu yangu alikuwa anamfuata hatua kwa hatua, mikono nyuma.

"Nkambo," mnunuzi akaniita bibi, akisema na mimi, si na ndugu yangu, "hizi ni za kutupa. Rangi tu. Ndani haina kitu. Njo maana ku mugodi banazimwaga, bamadereva banaokota."

Ndugu yangu akasema chombo kimeharibika, apime tena. Akapima tena. Akasema apime ya chini ya rundo. Akapima, mpaka betri ikaanza kulia.

Wakati huo watu walikuwa wameshaanza kuingia uwanjani. Pikipiki yenye chombo kile ikikata kona kwenda mahali, habari inaitangulia. Wanawake walikuja na beseni, wanaume na baiskeli, mmoja alikuja na sururu begani, hata hakuificha. Wakasimama wakitazama magunia, halafu wakatazama mlango. Hapo ndipo nilipoelewa. Hata nikiziba shimo leo na kumwaga sima upya, hawa watarudi. Watakuja tukienda kanisani. Watakuja kupitia chini.

Nikamwambia mnunuzi awatangazie watu kwamba mawe hayana kitu. Alisema yeye si mtangazaji, akaenda kwenye pikipiki yake. Nilimtangulia, nikakaa juu yake. Nina miguu inayouma na pikipiki ni ndefu, lakini nilikaa.

"Tata, mi siko na haraka," nikamwambia, nikimwita baba kwa heshima. "Sema kwa nguvu, kila mutu asikie."

Akasema. Alisema vizuri hata, akainua jiwe moja juu, akasema haya ni takataka, hakuna atakayeyanunua, si yeye wala mwenzake. Nikaanza kushuka kwenye pikipiki nikiwa nimeridhika. Ndipo mwanamke mmoja wa mbele, mwenye beseni jekundu, akacheka.

"Mununuzi akisema mawe haina kitu," akawaambia wenzake, "mujue anayataka yote peke yake."

Na watu wote wakasogea hatua moja mbele. Wote pamoja. Nikamgeukia ndugu yangu anisaidie, mtu mzima, shemasi. Nikamkuta anatikisa kichwa kumkubali yule mwanamke.

Nilifikiri, kama ukweli uliosemwa na chombo na mdomo wa mnunuzi hauwezi kuwafukuza, hakuna ukuta utakaowafukuza. Kinachoweza kuondoka ni mawe. Nikapanda ngazi ya baraza.

"Muchukue," nikasema. "Yote. Leo, jua likiwa juu, mbele ya macho yangu. Jiwe moja lisibaki. Na kila mutu kwanza apite ndani aangalie shimo, aone chini iko nini."

Hawakuamini. Halafu wakaamini sana. Nilisimama mlangoni nikawapitisha mmoja mmoja kama watu wanaoaga maiti. Walichungulia, wakaona udongo na minyoo, wakatoka kwenda kwenye magunia. Yule wa sururu nilimfanya achungulie mara mbili. Wanawake walijaza beseni, wanaume walifunga magunia juu ya baiskeli mpaka magurudumu yakalalamika. Mnunuzi alikaa pembeni, ameshika kofia yake ya pikipiki, anatazama watu wanavyogombania takataka yake. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Gunia la mwisho liliondoka na ndugu yangu. Alilibeba begani, kola imefungwa, akapita mbele yangu bila kuniaga. Yeye aliyeona kipimo kwa macho yake mwenyewe, mara tatu.

Masoni sikumwachia aende. Alikaa nasi mpaka mwisho, na maneno yake mengi yakaisha. Alivunja ukuta uliopasuka, akaujenga upya, na mashimo tuliyajaza kwa udongo ule walioutoa, kisha tukapasua kichuguu cha nyuma ya nyumba na kujazia kilichobaki. Tukashindilia kwa mti, tukamwagilia, tukashindilia tena, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo. Sima haikuwapo tena. Sakafu ni ya udongo wa kichuguu, ngumu, nyekundu, unafagia asubuhi unamaliza. Siku zote hizo tulilala barazani. Binti yangu alishuka kwenye kamio kwa sababu dereva alimshusha, lakini ndani hakuingia. Ilipokauka, akaingia peke yake. Nilimsikia anakanyaga kona kwa kona, kwa nguvu, anasikiliza. Alichukua muda. Kisha akatoka kuchukua mikeka, akaitandika, akawaita watoto.

Jumapili moja, mvua ikiwa imeshaanza, ndugu yangu akaja. Hakuzungumza juu ya gunia, na mimi sikumuuliza. Alisimama mlangoni akitazama ukuta mpya, mabati, halafu sakafu. Sakafu aliitazama muda mrefu.

"Yaya," akasema, "hapa chini muliweka nini?"

Nikamwambia udongo. Akaitikia, lakini macho hayakuinuka. Nikavuta kiti, nikakiweka barazani, nikamwambia akae pale pale, bukari, ugali wake, nitamletea.