Kichupa cha Mjukuu

Binti yangu ana usonji. Hasemi, hapendi kuguswa, na chakula chake ni kilekile: ugali mkavu wa uwele na maziwa ya mgando. Ukimwekea mlenda pembeni, sahani nzima inakwenda chini. Nilishazoea kuokota.

Walipokuja wataalamu kliniki kuwapima watoto kama yeye, nikampeleka. Walitaka choo, wakiangalie kama utumbo una uvimbe na vijidudu vya humo vikoje. Daktari wao, mama mmoja mpole, aliniambia wazi kwamba kipimo hicho hakitamfanya aongee. Ila kama tumbo linamuuma, itajulikana, atatibiwa. Mimi nilitaka hilo tu, maana alikuwa analia huku anajing'ata mkono, na sijui nimsaidieje.

Nikapewa kichupa. Siku ya kukirudisha ikafika mtoto hajapata choo. Nilikuwa nawahi sokoni na karanga zangu, nikamwachia kichupa mama mkwe, ambaye alitoka Ikungi kuja kukaa nasi hapa Mandewa. Jioni akasema ameshapeleka. Nikamshukuru.

Majibu yakaja: utumbo hauna uvimbe, choo ni kizuri, hajafunga choo. Basi. Toka hapo akilia, nasema ndio usonji wenyewe. Akilalia kigoda kifudifudi, nasema anacheza. Nilipika, nilifua, yeye analia. Sikuona huruma wala hasira. Nilikuwa nimekauka tu.

Jumapili moja tunachambua karanga, mama mkwe akaanza kunisimulia habari za kliniki, ametulia kabisa.

"Siku ile si nilimwekea choo cha mwenzake," akasema, akimwonyesha kwa kidevu mtoto wa shemeji yangu, tunayeishi naye. "Watu wamekuita, utawaendea mikono mitupu? Na hawa ni damu moja, wanakula chungu kimoja."

Kwao ndivyo walivyo. Hata msibani hatii mguu bila unga kwenye kitenge. Alitaka tusiaibike. Lakini chungu kimoja, jamani! Huyo mwenzake mlenda anaufuta mpaka sufuria inang'aa. Nikaitafuta hasira, nikaikosa. Nikaendelea kuchambua, nikamwambia tu kesho twende wote.

Kesho yake kliniki nikamweleza yule daktari mpole kila kitu. Mama mkwe akainama, akawa anavuta nyuzi za kitenge chake. Daktari hakugomba. Alimlaza binti yangu kitandani, akambonyeza tumbo taratibu, akaniita na mimi niguse. Upande wa kushoto palikuwa pagumu kama kiazi kibichi. Akasema ni choo kimejaa, kimekaa muda mrefu, na lazima kinamuuma sana. Dawa ipo, kitatoka polepole, na chakula tutakitazama baadaye.

Akauliza ameanza lini kulia hivi.

"Alikuwa analia tangu mwanzo," nikasema. "Mimi ndiye niliyeacha kusikia."

Daktari akataka kuutoa mkono aandike dawa. Binti yangu akaushika kwa mikono yake yote miwili, akaurudisha tumboni.