Beki Aliyekataa Kucheza na Murungu

Jamani, habari hii nikiulizwa huwa naikatiza pale watu wanapocheka, maana mwanzo wake unachekesha kweli, halafu nasema basi, yakaisha hivyo, na kumbe hayakuishia hapo. Leo nitaisema yote. Mimi ni fundi cherehani, nimewashonea watu wa Makere nguo za harusi na za kipaimara, na mimi huyuhuyu nilijinyea mbele ya vijiji viwili, jua likiwa bado kali, nikiwa nimesimama juu ya kreti ya soda namtukana beki wetu wenyewe. Hiyo ndiyo aibu ninayoweza kuibeba. Ile nisiyoweza kuibeba ni ya shemeji yangu Laurenti, kaka yake mke wangu Adela, na ndiyo inayonifanya nisimulie.

Beki mwenyewe aliitwa Zabroni. Alivaa namba tano, beki wa kati, mrefu, mkimya, na washabiki walimwita Kizibo kwa sababu penye Zabroni mpira haukupita. Siku ya mechi alikuwa Kizibo, siku nyingine zote alikuwa Bwana Afya, anazunguka na baiskeli na daftari, anachungulia vyoo vya watu, anafunua mitungi na kuuliza maji haya yamechemshwa lini. (Miaka ile ya sabini tulikuwa tumehamishiwa kwenye vijiji vipya, nyumba zimepangwa mistari, huwezi kumficha Bwana Afya hata kuku anayeumwa.) Basi ubishi wa mpira ulikuwa hapo. Barazani kwa Mzee Shabani, mwenye duka, mtu wa Ujiji aliyenipa nafasi ya kuweka cherehani yangu, kila jioni walikuwepo wanaosema mtu hawezi kuwa beki wa maana huku anapekua vyoo vya akina mama, na wengine wanasema ndiyo hasa maana yake, beki asiye na haya ndiye anayezuia mabao.

Mimi nilikuwa mstari wa mbele kumsifu, mpaka siku aliyofika kwangu. Choo changu (nichekeni tu) kilikuwa shimo la kufika magotini na majani matatu ya mgomba, na Zabroni akakitaja kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya Adela na wazee wa kanisa. Alisema choo cha Fundi hakimsitiri hata kuku. Watu walivunjika mbavu. Kuanzia siku hiyo, kwa maoni yangu, Zabroni akawa beki mbovu kuliko wote mkoani Kigoma: anageuka taratibu, hajui kuruka, mguu wa kushoto anao wa kutembelea tu. Laurenti, ambaye alimpenda Zabroni na alichemsha maji kama alivyoambiwa, akaniuliza mbele ya watu, "Mulamu, kilichoharibika ni beki au ni choo chako?"

Laurenti alikuwa hivyo, anakuchoma na neno moja halafu anakusaidia kubeba mzigo. Alilima maharage, alikuwa na watoto wawili wadogo, na kuniita mulamu, yaani shemeji, kulikuwa kama jina langu la pili.

Sasa, wiki tuliyokuwa tunawasubiri wapinzani wetu Murungu waje kutoka Kibondo, Zabroni alifika barazani akashuka kwenye baiskeli hata salamu hakuimaliza vizuri.

"Kipindupindu kimeingia vijiji vya bondeni," alisema. "Nimetoka huko. Mechi iahirishwe, na pombe za chungu kimoja ziachwe mpaka nitakaposema."

Mimi nilikuwa nakanyaga pedali, mdomoni nimeshika uzi, na hapo, jamani, ningeweza kuendelea kushona. Lakini nilikumbuka kwamba namba tisa wa Murungu alikuwa amemtoka Zabroni mara mbili kule Kibondo, na nilikumbuka kuku. Nikatema uzi nikasema, "Kipindupindu chenyewe kimevaa jezi namba tisa ya Murungu."

Baraza zima likaangua kicheko, hata Mzee Shabani alimwaga kahawa. Zabroni alinitazama kidogo, akasema, "Fundi, chemsha maji," akapanda baiskeli yake akaenda.

Utani huo haukulala. Kesho yake ulikuwa umefika sokoni, watoto wanauimba, na mtu akionekana anaharakisha kwenda kichakani wanamkimbiza kwa kelele, "Huyooo, kakutana na namba tisa!" Mwanamke mmoja alirudi nyumbani analia. Mimi nilijiona mtu mkubwa, mwenye maneno yanayotembea kijiji kizima bila miguu. Wakubwa wa kijiji nao walipenda mpira, na hakuna aliyetaka kusikika eti anamwogopa namba tisa, kwa hiyo mechi ikabaki palepale. Zabroni akasema yeye hachezi, atakuwa zahanati anapanga vitanda, na sisi tukapata uthibitisho tulioutaka.

Murungu walifika Ijumaa alasiri, lori limejaa vumbi na nyimbo. Kwetu mgeni hapewi chungu cha pombe ya ndizi hivihivi. Mwenyeji huvuta kwanza, wageni wakimwona, ili wajue hakuna sumu, halafu mrija unazunguka. Kwa kuwa mdomo wangu ulikuwa umepata sifa, nikachaguliwa mimi kuwa mwenyeji. Mrija ulikuwa mkononi mwangu Zabroni alipopenya katikati ya watu.

"Naomba msinywe," alisema, hakupaza hata sauti. "Maji yaliyochanganywa humu ni ya kijitoni. Naombeni."

Kuomba kwake ndiko kulikonipa nguvu. Nikavuta, nikavuta mpaka macho yakanitoka, watu wakapiga makofi. Nikampa Laurenti mrija. Laurenti hakuupokea. Alimtazama Zabroni, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Oya, hapana, mulamu. Mimi nitakunywa siku nyingine."

"Unaniaibisha mbele ya wageni," nikasema, na nilisema kwa nguvu ili wasikie. "Au na wewe unamwogopa namba tisa?"

Wakacheka. Laurenti naye akacheka, kwa sababu hakuwa mtu wa kumharibia mtu sherehe, akapokea mrija akavuta. Nilimwona koo likipanda na kushuka. Wenzetu wengine wakafuata. Mzee aliyewaongoza wageni alikuwa amemtazama Zabroni muda wote, na mrija ulipomfikia akasema matumbo yao yamechoka na barabara, wataomba uji wa moto tu. Nikawaita waoga, kwa mzaha, lakini nikawaita.

Jumamosi nilivaa suruali ya bugaluu ya tetroni, nyeupe, niliyojishonea kwa ajili ya siku ile, upana wa chini unafunika viatu. Tumbo lilikuwa linanguruma tangu asubuhi, nikasema ni ndizi. Adela aliniambia nibaki. Nikamwambia mtu hawezi kubaki nyumbani na suruali kama hii.

Mpaka mapumziko tulikuwa tumefungwa mawili, yote na huyo namba tisa, na beki tuliyemweka mahali pa Zabroni alikuwa anamkimbiza kwa nyuma kama anayedai salamu. Washabiki walikasirika, na hasira yao haikwenda kwa yule beki, ilikwenda zahanati. Wakaanza kuniita, Fundi aseme, Fundi aseme. Nikapandishwa kwenye kreti.

"Ndugu zangu," nikasema, "jezi ya kijiji si aproni ya zahanati! Beki anayekimbia mechi, kesho atakimbia nyumba ikiungua! Beki gani huyu, anayejua kuchungulia vyoo vya watu, lakini mpira..."

Neno lililofuata sikulitoa. Sikusikia hata onyo, nilisikia joto tu linashuka miguu yote miwili kwa pamoja, maji matupu, na nilipoinamisha macho ile bugaluu haikuwa nyeupe tena. Kisha sauti ikatoka upande wa goli, "Namba tisa kamfunga Fundi!"

Watu walicheka, Mungu wangu. Wetu walicheka, wa Murungu walicheka, refa alikaa chini. Mimi nami nikacheka (ningefanya nini?), nikajaribu kushuka kama mtu mwenye heshima zake, na miguu ikakakamaa nikaanguka kifudifudi. Nikatapika. Kicheko kikapungua kidogo kidogo, kikaisha, na nikaona miguu ya watu inarudi nyuma, duara linakuwa kubwa, na mimi nipo katikati peke yangu. Hakuna aliyenigusa. Wale waliokuwa wananiita Fundi aseme, hakuna hata mmoja.

Aliyekuja ni Zabroni. Alikuja mbio kutoka zahanati, akainama, akanipandisha mgongoni. Maneno niliyomtukana yalikuwa hayajapoa, na sasa nilikuwa namchafua shingo na shati. Aliniambia neno moja, "Shikilia," na akaanza kukimbia, na niseme ukweli, alikuwa na mbio kuliko nilivyokuwa nawaambia watu.

Zahanati walinitundikia chupa kwenye msumari na wakaninywesha maji ya chumvi na sukari, kikombe baada ya kikombe. Nilipoweza kutamka, Zabroni akaniuliza ni nani waliovuta mrija ule. Nikawataja. Wengi wakaitwa, wakaja wenyewe. Nikataja Laurenti, na Adela, aliyekuwa amenishika kichwa, akanyanyuka.

"Nilimwona amesimama karibu na goli," alisema. "Ulipoanguka wewe alikuwa palepale. Halafu akasema anakwenda kukata majani ya mbuzi."

Katikati ya mechi. Zabroni akaelewa kabla yetu, akatoka na Adela nyuma yake.

Walimkuta jua linazama, ndani kabisa ya shamba la migomba. Alikuwa amejifunika majani makavu. Tumbo lilimshika wakati uleule walipokuwa wananicheka, na alisikia uwanja mzima jinsi ulivyonguruma, akajua sasa ni zamu yake, akaenda kujificha mpaka likome. Kumbe halikomi. Alipoletwa macho yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya mkono ukiifinya inabaki vilevile. Adela aliniambia baadaye kwamba alipomfunua yale majani alisema, "Wasinione." Basi, hakusema lingine.

Walimlaza kitanda kilichofuata changu. Zabroni alitafuta mshipa mkono huu na mkono ule, akatafuta mguuni, na mimi nilikuwa nimelala pale na chupa yangu inadondoka vizuri kabisa. Laurenti alifariki Jumapili asubuhi, kengele ya kanisa ikilia. Nilitamani kufa, na nasema hivyo bila kutia chumvi. Nilikuwa namtazama Adela akimtazama kaka yake, nikatamani mtu aje ang'oe ile chupa.

Mazishi hayakuwa mazishi. Zabroni na watu wawili walimzika kwa chokaa, bila matanga, bila nyimbo, na Adela hakuruhusiwa kumwosha kaka yake wala kumshika. Alisimama mbali na kanga yake mdomoni. Wengine wawili nao walikutwa wamejificha vivyo hivyo, ila hao waliwahiwa.

Ugonjwa ulipopita, baraza likarudi na ubishi wake: angecheza Zabroni tungefungwa au tusingefungwa? Mzee Shabani akasema, "Barazani kwangu habari ya huyo beki imekwisha. Anayeitaka aende akaiongelee makaburini." Mimi nilikwenda kwa Zabroni kumwomba radhi. Nilimkuta anaziba pancha ya baiskeli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi kuchekwa nimezoea, Fundi, uwanjani na majumbani. Laurenti hakuzoea." Hakunifukuza wala hakunikaribisha kukaa.

Lakini lililobaki lilikuwa la mama mkwe. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, akija njiani napisha porini, na miaka yote tangu nimwoe Adela sikuwahi kuliona jicho lake. Siku moja asubuhi, watu wamejaa barazani, alikuja akasimama mbele ya cherehani yangu akanitazama usoni. Watu waliinuka wakataka kuondoka. Akawaambia wakae.

"Nieleze," alisema. "Mwanangu hakuiba, hakuua. Alikwenda kujificha migombani, anaogopa nini?"

Nikaacha kukanyaga. "Alikuwa anaogopa kuchekwa, mama."

"Kuchekwa na nani?"

Ningeweza kusema na kijiji, na ingekuwa kweli pia. Nikasema, "Na mimi."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei aliyokwisha kuijua, akajifunga kitenge chake vizuri, akaenda zake. Tangu siku ile mpira naangalia, siwezi kuuacha, lakini mtu akiniuliza fulani amechezaje leo, namwambia sikuona vizuri.