Kikohozi Kilichofungua Maji

Siku moja ya kiangazi haijanitoka kichwani, mwanangu Ngalula, na nimeificha muda mrefu kuliko inavyofaa. Jana ulipokiweka kile kisanduku chako juu ya meza, kando ya bukari yangu, ugali wetu wa huku, nikaona siwezi tena kunyamaza. Keti. Chai iko motoni.

Nilikuwa msichana wa foni, ile redio ya kusemea mbali, katika kituo kidogo cha maji huko juu ya kijito. Shefu, mkubwa wetu wa kazi, alikaa mjini, hapa Likasi. Kila asubuhi alituita, akasema ni mlango gani wa maji ufunguliwe, nami nikampelekea neno Baba Ilunga, mzee aliyeshika magurudumu ya milango. Kazi yangu ilikuwa kusikia tu, na nilijivunia sikio langu kupita kiasi. Shefu nilimjua hata kabla hajasema, maana alikohoa mara mbili kwanza, kama trekta inayokataa kuwaka.

Asubuhi ile foni ikakohoa mara mbili. "Fungua mulango ya pili, yote." Nikatoka mbio kumwambia Baba Ilunga. Akanitazama.

"Yote? Kiangazi hiki? Uko na hakika njo shefu?"

"Baba, njo sauti yake. Miye namujua."

Akafungua kwa sababu mimi nilisema. Maji yakashuka kwa kishindo.

Hakuwa shefu, tulikuja kujua baadaye. Mbele, kijito kinakoshukia, kulikuwa na vijana wachimbaji wa madini, na kiangazi kilikuwa kimewakausha, hawana maji ya kuoshea mawe yao. Walikuwa na redio yao, na kwa majuma kadhaa walikuwa wakitusikiliza, maana tulisema kila kitu waziwazi. Wakajifunza maneno, wakajifunza na kikohozi. Hawakutaka kumwua mtu. Hawakujua kwamba kati yetu na wao, bondeni kando ya kijito, mama mmoja alikuwa akipalilia lengalenga, ule mchicha wa huku, mtoto mgongoni. Maji yalimbeba mbali kabla hajashika matete. Tulipomtoa, mtoto alikuwa kimya, nami nikajua nimeua. Kisha akalia. Sijasikia wimbo wa kanisani uliokishinda kilio kile. Bustani nzima ilikwenda.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilingoja Baba Ilunga anitukane, lakini hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi.

"Mutoto," akasema, "sauti ni nguo. Muntu yeyote anaweza kuivaa."

Akashona madaftari mawili, moja letu na moja la shefu, ndani yake maneno yaleyale kwa mpangilio uleule. Kila amri ilikuja na neno lake, na neno likishatumika lilifutwa, halirudi tena. Daftari halikuachwa mezani. Lilikaa ndani ya kitenge changu. Wale vijana walijaribu tena, wakakohoa vizuri kuliko shefu mwenyewe, wakarudia neno la jana walilolisikia hewani. Nikawajibu, "Pole na kifua." Mlango haukufunguka. Kalamu ya risasi na karatasi, mwanangu, hayo tu yalitosha.

Sasa wewe unaenda kuweka visanduku palepale, vifungue mlango kwa redio bila mtu kushika gurudumu. Nafurahi, usidhani nakukatisha tamaa. Lakini jana nilipokuuliza kufuli la maneno yake liko wapi, ulicheka.

"Kambo," ukaniita, yaani bibi, kama mjukuu wangu wa damu, "batri yake iko kidogo. Na nani atasikiliza mayi?"

Mdharau mwiba mguu huota tende. Nilikusumbua mpaka ukakubali kwamba zipo programu nyepesi za kufunga ujumbe, zilizotengenezwa kwa mashine ndogo kama hizo, ila betri itakwisha mapema. Basi iishe mapema! Mtu atapanda kilima kuibadilisha. Nitapanda mimi na fimbo yangu, ukiona uvivu.

Basi sikia. Usitunge kufuli lako mwenyewe kwa kiburi, kama mimi na sikio langu. Chukua lile ambalo wengi wamejaribu kulivunja wakashindwa. Kila kisanduku ukipe ufunguo wake, ili kikiibwa kimoja vingine visifunguke. Na kabla hakijageuza mlango, kijue ni nani anayesema, na kama neno ni la leo au limeokotwa jana. Kuficha maneno peke yake hakutoshi.

Yule mama wa lengalenga alikuwa Kapinga, bibi yako mzaa mama. Alinisamehe siku ileile, tukawa marafiki mpaka nilipomzika. Mtoto wa mgongoni ni mama yako. Hajui kwamba ni mimi niliyeyaleta maji yale. Alikuwa mdogo, na mimi nilikuwa mwoga. Leo nitakwenda kumwambia mwenyewe, na wewe utanisindikiza.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilipokosea mimi, utatengeneza wewe, kwenye mlango uleule. Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono mwepesi na moyo usiodanganyika upesi. Maji yako yawafikie wenye kiu, na kila mama anayepalilia bondeni arudi nyumbani na mtoto wake mgongoni.