Mwanawetu na Vidonge vya Kurudisha Hamu

Mwanawetu aliuza vitambaa mtaani Bukoto, katika duka aliloachiwa na babake, na wateja walimpendea ulimi wake mchangamfu. Alipomzika mamake, uchangamfu ule ukamtoka. Akawa anashinda nyuma ya meza, akiulizwa bei hajibu. Mumewe Uthman, mwalimu wa madrasa, ndiye aliyempeleka kliniki, wakaambiwa ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Akapewa dawa, na polepole akaanza kula, kulala, hata kubishana na wateja.

Lakini hamu ya kuwa na mumewe haikurudi. Uthman akimgusa, mwili ulinyamaza tu. Na Mwanawetu alikuwa akimpenda kuliko zamani! Akaanza kuwahi kitandani, akijifanya usingizi umemchukua.

Shoga yake Zulaikha, mwenye saluni ya jirani, akamletea kopo la vidonge.

"Ni mitishamba mitupu. Inaamsha wanawake. Usimwambie mtu."

Mwanawetu akawa anavimeza kwa siri, pamoja na dawa zake. Asubuhi moja, akimkatia mteja kitenge, mikono ikamtetemeka hata mkasi ukamponyoka. Jasho likamtiririka, moyo ukamwenda mbio. Mteja akakimbia kumwita Uthman.

"Umekula nini, Mama Raisa?"

Alitoa kopo mkobani, akaangua kilio. "Nilitaka nirudi kuwa mke wako."

Uthman akapiga magoti sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa, akamfuta jasho kwa mkono wa kanzu. "Kwani umeacha lini kuwa mke wangu? Mimi nilidhani umenichoka. Nikaogopa kuuliza."

Alimpeleka kliniki saa ileile. Sista Akidi, muuguzi, binti wa askari ambaye mwenyewe alikulia katika nyumba za polisi za Nsambya, alimlaza na kumwangalia mpaka mtetemeko ukatulia. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Dada, dawa ya sonona inaweza kuzima hamu. Na sonona yenyewe pia. Hali hii inawapata wengi, lakini wanaona haya kusema. Hivi vidonge, hata kopo halisemi ndani mna nini, na vingine vinagombana na dawa yako. Viache. Ila dawa yako usiache mwenyewe, daktari ataitazama."

"Hakuna kabisa vinavyosaidia?" Uthman aliuliza.

"Kuna vinavyochunguzwa, mwalimu, lakini majibu bado hayajatosha. Mkisikia vingine, leteni kwanza tuone."

Daktari akambadilishia dawa kidogo kidogo. Mwanawetu hakujificha tena usingizini. Walilala wakizungumza, mara nyingi habari za mamake, na Uthman hakudai chochote.

Zulaikha alipoambiwa yaliyotokea, aliomba radhi, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Hiyo kliniki wanampokea yeyote?" Mwanawetu akamtazama kana kwamba anamwona mara ya kwanza. Wiki iliyofuata walikwenda pamoja.

Miezi ikapita. Jumapili moja mchana binti yao Raisa alikuwa amekwenda kwa shangazi yake, na Uthman alikuwa akimenya matooke, nusu ya ndizi ikienda na ganda. Mwanawetu alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwendea kumpokonya kisu, na alipomshika kiganja akahisi kitu alichokisahau, kidogo, lakini chake mwenyewe.

"Baba Raisa," alisema, "acha hizo ndizi. Kafunge mlango."