Masharubu ya Fugwe

Harufu ya moshi kwenye masuke ya mtama bado hunirudisha kwa bibi yangu. Jikoni kwetu, kaskazini ya Msalato, aliyaning'iniza juu ya mafiga masuke ya mtama wake mwekundu, yakajaa masizi huku yakingoja mvua. Ugali wake ulikuwa mchungu, nasi wajukuu tuliukunjia pua. Mama alipenda mtama mweupe, akaupanda shamba zima isipokuwa pembe moja ya Bibi. "Huo mweupe haustahimili fugwe, mwanangu," Bibi alimwambia. Mama alicheka tu.

Fugwe ni ukungu unaogeuza punje kuwa vifuko vya unga mweusi, na unga huo ukigusa mbegu, mtama wa msimu ujao nao huugua. Mwaka ule masuke machache ya Mama yalishikwa, na Bibi akatutuma, mimi na mdogo wangu Roda, tuyakate na kuyachoma kabla hayajapasuka. Kukata tulikata, kuchoma tukasahau. Unga ule ulikuwa laini, tukachorana masharubu, mimi nikawa mchungaji, Roda mwenyekiti wa kijiji, tukacheka hadi tukagaagaa chini. Kisha Mama akatuita tufikiche mbegu za msimu ujao. Roda alitaka kunawa kwanza. Nikamwambia aache uvivu, maji yenyewe yako mbali.

Msimu uliofuata shamba la Mama lilisimama jeusi. Pembe ya Bibi ilikuwa nyekundu vilevile, lakini haikutosha kutulisha sote. Mchuma janga hula na wa kwao. Shangazi aliyeolewa Kolo akaja, akasema anaweza kumchukua mtoto mmoja. Mimi nilikuwa na nguvu za kuchota maji, akachukuliwa Roda. "Ni mapenzi ya Mungu," Mama alisema huku akilia. Bibi aliitazama mikono yangu. Sikukiri habari ya ule unga, na aibu hiyo ninayo hadi leo.

Siku hizi nanunua mbegu dukani, zimekwisha kupakwa dawa, na fugwe naiona kwa nadra. Mbegu ya Bibi ilipotea alipofariki, maana hakuna aliyeutaka uchungu wake. Roda alikulia Kolo. Huja kututembelea na zawadi mkononi, akabisha hodi kwenye nyumba aliyozaliwa. Mwezi uliopita tulikuwa uani tukipepeta mtama, akaniuliza bila hasira, "Dada, hivi kwa nini nilipelekwa mimi?"

Niliinuka, nikamwambia nakwenda kunawa mikono.