Masaa Mawili Nyuma ya Mlango wa Wodi

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mgonjwa hata mmoja. Nilinoa sindano. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika hospitali ya misheni upande wa Iringa. Sista Mkuu, Mzungu mrefu aliyevaa viatu vya kiume, alinikalisha mbele ya jiwe laini na bakuli la sindano butu. Ninyi manesi wa leo, mnaochoma mara moja na kutupa, mtanicheka. Zetu tulizitumia mpaka zikaisha. Ukishanoa unapitisha ncha juu ya pamba. Ikinasa nyuzi, unarudia. Kisha unazichemsha pamoja na mabomba yake ya kioo, dakika ishirini kamili, juu ya jiko la mafuta ya taa.

"Mgonjwa akiletwa, kila kitu kiwe kimeshachemka," Sista Mkuu aliniambia akikagua kazi yangu. "Asikungoje. Unanisikia?"

"Nasikia, Sista."

Baada ya miaka mitatu nilihamishiwa hospitali nyingine ya misheni, upande wa Mbeya, nikiwa nesi msaidizi chini ya Daktari wa Misheni, mtu mpole asiyejua kufoka. Huko nikaolewa na mwalimu, Mnyakyusa. Mimi ni Mhehe. Wiki ya kwanza mama mkwe alinikalisha jikoni akanifundisha desturi: baba mkwe humtazami usoni, humgusi, jina lake hulitamki, na ukimwona njiani unaingia majanini mpaka apite. Hata Wakristo wengi walishika hivyo kwa heshima. Wakaza wana wenzangu waliozaliwa kulekule walijua pa kulegeza. Mimi mgeni nilishika yote, tena kwa bidii, maana nilitaka waseme binti wa Iringa ana adabu. Wakasema kweli, na mjinga mimi nikavimba kichwa.

Asubuhi moja ya masika Daktari na Sista wa wodi walikuwa wamekwenda kliniki ya vijijini. Dresa wetu, mwanamume aliyefunga vidonda na kuchoma sindano, alikuwa amekwenda Uyole kupokea maboksi ya dawa kutoka kwenye lori. Wodini nilibaki peke yangu. Wakaja wanaume wanne na machela, mama mkwe akiwafuata, amelowa mvua. Aliyelala ni baba mkwe wangu.

Ilikuwa kichomi. Pumzi zilikuwa fupi, na mbavu zikiingia ndani kila akivuta hewa. Dawa yake niliijua: penisilini, ile ya unga, unaichanganya na maji safi ya chupa na kuchoma pajani, kila baada ya masaa manne. Vifaa vilikuwa vimeshachemka. Nilichanganya, nikavuta dawa kwenye bomba, nikaingia. Mzee aliponiona akajifunika uso kwa blanketi. Mama mkwe akanizuia mlangoni.

"Hapana, mwanangu. Usimwaibishe mzee. Paja lake ulione wewe? Huyo dresa si anakuja?"

"Mama, hii dawa haingoji."

"Atakuja tu. Toka, mwanangu."

Nikatoka. Nilisimama nyuma ya mlango na kisahani changu mkononi, nikimsikiliza anavyohema. Nilichemsha vifaa upya mara mbili ili nijione nafanya kazi. Dresa alirudi baada ya masaa mawili, akamchoma. Kesho yake mchana baba mkwe alifariki.

Daktari aliniita ofisini kwake.

"Ulikuwa wapi alipoletwa?"

"Nyuma ya mlango, Daktari."

Alivua miwani, akaiweka mezani. Nikamwuliza kama yule mzee angepona.

"Sijui. Walichelewa kumleta. Pengine angekufa tu. Sijui, na sitakudanganya."

Afadhali angenifokea. Msibani mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa kuwa walinisifu. Wazee walisema huyu ndiye mkwe, amemheshimu mkwewe mpaka siku ya mwisho. Nililia, wakadhani namlilia marehemu peke yake.

Tangu hapo sala zilinikauka. Kanisani kwetu, kabla ya Jumapili ya Meza ya Bwana, kila mtu alikwenda kuandikisha jina kwa mzee wa kanisa, naye mzee alimwuliza kama ana neno na mtu yeyote. Mara tatu sikwenda. Kazini nilisaini chati za joto, nikapima mapigo, nikarudi nyumbani nikiwa nimechoka na mume wangu haniulizi kitu. Watu wakaanza kunong'ona.

Mama mkwe ndiye aliyekuja, mchana, na kikapu cha ndizi. Alikaa kwenye kigoda.

"Mbona huandikishi jina?"

Nikamwambia yote. Nilimwambia dawa ilikuwa tayari, kwamba Sista Mkuu alinifundisha mgonjwa asingoje, nami nikamngojesha kwa ajili ya sifa. Nilipomaliza alikuwa ameinama, kitenge kimemfunika macho.

"Aliyesimama mlangoni ni mimi," alisema. "Nawe unaubeba peke yako? Mimi nameza mkate wa Bwana kila mara, na kila mara unanikwama hapa." Akajishika koo.

Jumamosi ile tulikwenda pamoja kwa mzee wa kanisa. Mama mkwe alimwambia kila kitu, akaniambia, "Sasa mtaje mume wangu kwa jina. Mtaje mbele za Mungu." Sikuwahi kulitamka jina lile. Sauti ilitoka imevunjika, lakini ilitoka. Kesho yake tulipiga magoti bega kwa bega. Amani niliyoipata siku ile haikuwa na furaha ndani yake. Niliweza tu kulala, na kusali, na kuingia wodini.

Baadaye nilirudi kufanya kazi Iringa, na huko nikastaafu. Manesi vijana huniuliza kama Mungu alinisamehe. Alinisamehe, sina shaka hata kidogo. Lakini hakunirudishia yale masaa mawili, nami niliacha kumwomba anirudishie. Namwomba tu awe pamoja na yule mzee, ambaye nilimjua miaka minne na sura yake sikuwahi kuiona mpaka alipokuwa ameshakufa.