Jino la Mbele la Mwalimu Kahigwa

Mwalimu Kahigwa amepuliza tarumbeta katika bendi ya usharika wetu wa Mkolani miaka thelathini na moja. Mimi napuliza besi kushoto kwake, kwa hiyo nikisema jino lake la mbele lilikuwa mali ya usharika, sitanii. Lilivunjika akitafuna muwa, wiki mbili kabla ya harusi ya Sharon, binti yake mkubwa. Hospitali wakang'oa kisiki, bima ikalipa, naye akarudi nyumbani akiisifu bima kwa kila aliyekutana naye njiani.

Kisha akajaribu kupuliza. Pumzi yote ilipitia kwenye pengo, ikatoka sauti ya ndama aliyepotezana na mama yake. Sharon alichungulia kutoka jikoni, akarudi ndani. Tangu utotoni alikuwa ameahidiwa kwamba siku ya kuolewa baba yake mwenyewe atamsindikiza kwa tarumbeta, kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa kanisa.

Bima ikakataa kulipia jino bandia, na pesa ya mfukoni ilikuwa imeshaishia kwenye sendoff, sherehe ya kumwaga bibi harusi. Mwalimu anafundisha hesabu Butimba. Alichukua kijitabu cha mafao akakisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kung'oa, inalipiwa. Kuziba, inalipiwa. Jino bandia, urembo. Hapo akachora mkasi mkubwa, alama ya kosa, na kuandika pembeni, "Fafanua." Kesho yake tukaenda ofisini kwao, mimi nimebeba tarumbeta.

Dirishani alikuwepo dada mmoja mpole, Suzana, aliyemwamkia shikamoo vizuri kabisa. Mwalimu akamweleza kuwa mtu wa miaka hamsini na minane hana urembo, akavua kofia kama ushahidi. Suzana alimtazama kwa makini, akakubali kwamba urembo haupo, ila kijitabu hakiulizi hilo. Basi Mwalimu akasema jino ni kitendea kazi, na akapuliza palepale. Foleni nzima ikarudi nyuma hatua mbili. Suzana akaenda kumuuliza bosi wake, akarudi na jibu: kama jino ni kitendea kazi, basi si ugonjwa, na huenda hata kule kung'oa kulilipiwa kimakosa. Mwalimu akaharakisha kukana kwamba jino ni kitendea kazi.

"Sasa, binti yangu," akauliza, "bima hii inanisaidia nini?"

"Kung'oa hakuna kikomo, Mwalimu. Umebakiza mangapi?"

Nilimwona akiyahesabu kwa ulimi. Nilipandwa na hasira, nikamvuta mkono tukaondoka.

Siku ya harusi nilimchongea kipande cha nta ya mshumaa, akakipachika kwenye pengo. Ubeti wa kwanza ulitoka safi hadi majirani wakapiga vigelegele. Lakini jua la Mkolani halina adabu. Tulipofika nusu ya njia nta ililainika, akaimeza, na ndama akarudi. Nikakaza besi nimfunike, wapi. Mwalimu akashusha tarumbeta. Msafara mzima ukasimama.

Sharon akageuka na shela lake. "Puliza tu, baba. Nikiisikia hiyo najua ni wewe."

Akapuliza mpaka mlangoni, vibaya kuliko nilivyowahi kusikia. Mimi nilikuwa nalia, na besi haipulizwi na mtu anayelia, kwa hiyo jichoreeni wenyewe picha ya ule muziki.

Jumatatu jino lake lililo jirani na pengo likawa linacheza, kwa jinsi lilivyokandamizwa na tarumbeta. Nikamsindikiza tena hospitali. Daktari akalitikisa kwa kidole, akachungulia kompyuta, akafurahi: hilo la kung'oa linalipiwa lote, asaini tu hapa.

Mwalimu alishika kalamu, akafikiri, akairudisha mezani.

"Liache kwanza," alisema. "Bado nina binti mmoja."